Njia ya Pili

Kazi yangu ni kusema hapana kwa sauti ya upole.
Nguo yangu ya bluu imeshonwa jina kifuani,
na mvua ya Galisia inanipigia bati mwaka wa kumi na tisa huu.

Saa mbili kasoro, kabla hatujafungua,
Renault kuukuu, rangi ya siagi iliyochacha,
ilikuwa imesimama njia ya pili, wipa moja ikifanya kazi ya mbili.
Ndani, mama wa miaka sitini na nane, mkoba mapajani,
mikono yote miwili usukanini kama aliyeshika sufuria ya moto.

Nikaanza kama ninavyoanza.
Taa ndogo. Taa kubwa. Indiketa, kushoto.
Breki, mama, kanyaga. Kanyaga tena. Achia.
Nikapima tairi: sheria inataka mifereji
yenye kina cha milimita moja na nukta sita; yake ilikuwa na tatu.
Kuna mtu alilitunza gari hili. Chini hamna kutu,
boliti zimepakwa grisi
kama mtoto anavyopakwa mafuta kabla ya shule.

"Honi," nikasema.
Hakubonyeza.
"Honi, mama. Sheria inataka niisikie."
Akaniambia honi ilikuwa ya Amaro.
Kila jioni, kwenye kona ya kinu, aliipiga mara moja tu,
na yeye jikoni akajua: mimina supu sasa.
Tangu Februari jikoni hapajasikika kitu.
Akabonyeza. Ikalia kama bata mwenye mafua.
Wenzangu wa njia ya kwanza wakacheka.
Nikaandika: ipo, inasikika.

Gari likapita. Karatasi ndizo zilizoanguka.
Kadi ya umiliki: Amaro. Bima: Amaro, ilikwisha Mei.
Leseni?
Akafungua mkoba, akanipa ya Amaro pia.
Picha ikanitazama bila kofia,
kama mtu aliyeitwa kwa hakimu kujibu kosa la mkewe.
"Basi la kijijini limefutwa," akasema.
"Duka la dawa liko kilomita kumi na moja.
Nimekuja kwa gia ya pili njia nzima. Sikugonga hata kuku."

Nilitaka sana kusema kitu kingine.
Ila marehemu hakatiwi bima,
na barabara hiyo hiyo ya kuku ina watoto wa shule.
Nikachukua ufunguo. Ulikuwa bado na joto la kiganja.
Jirani yake Xurxo akaja na trekta na kamba
(trekta lina bima, niliangalia),
nami nikamwandikia mama mahali pa kuanzia:
cheti cha kifo, hati ya mirathi, kubadili jina,
macho yapimwe, masikio yapimwe,
mtihani wa alama, kisha wa barabarani.
Akaikunja karatasi mara nne, akaisukuma ndani ya mkono wa sweta.
Hakuniaga.

Nadharia alianguka mara mbili. Nasikia mara ya pili
alibishana na swali la nani apite kwanza njia panda.
"Mwenye mgonjwa," alisema,
na kompyuta haikuwa na kisanduku cha jibu hilo.

Wiki iliyopita, njia ya pili, mvua.
Kioo cha nyuma kina kibao cha kijani chenye herufi L,
ambacho kwetu hubandikwa mwaka mzima na madereva wachanga:
vijana wa miaka kumi na minane, na yeye.
Kadi: Eudosia. Bima: Eudosia. Leseni: Eudosia,
na pichani amenuna, kama tunavyonuna sote.
Taa. Breki. Tairi.
Honi: kimya.
Akabonyeza tena, kwa dole gumba, kwa kiganja, kwa kiwiko.

Kalamu yangu ilikuwa hewani.
"Andika," akasema. "Usinionee huruma.
Andika, halafu nionyeshe waya ulikokatikia.
Kona ya kinu haionyeshi ng'ambo.
Nani atajua kwamba ninakuja?"